Kitereza na Kezilahabi: kisiwa kimoja, kanisa moja, mbona vitabu havifanani?

Mwalimu_Malimbe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha kazi za kidato cha sita. Swali lilimtaka mwanafunzi aoneshe jinsi imani ya mwandishi na jamii iliyomlea zinavyojitokeza katika kazi yake. Karatasi baada ya karatasi nikakutana na sentensi ileile: "Falsafa ya mwandishi: anaamini kuwa jamii inaweza kubadilika iwapo watu watashirikiana." Futa jina la mwandishi, weka la mwingine, sentensi inakaa palepale bila kutikisika.

Siwalaumu watoto. Ndivyo tulivyowafundisha. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, mtazamo, msimamo. Kila kimoja kina kisanduku chake na mwanafunzi anajaza kama fomu. Nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, na usiku ule iliniuma, kwa sababu waandishi wawili niliokuwa nasahihishia wametoka ng'ambo tu ya maji yetu haya.

Twendeni Ukerewe. Walioko Mwanza mnaijua safari: unapanda meli bandarini, baada ya saa tatu na kitu unashuka Nansio. Kisiwa hicho kimempa Kiswahili Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Wote Wakerewe. Wote wamepita mikononi mwa mapadre. Wote wameandika juu ya ndoa, uzazi na aibu. Lakini ukisoma vitabu vyao kwa kufuatana, unaweza kudhani vimetoka mabara mawili.

Kitereza alizaliwa 1896 katika ukoo wa watemi, na utotoni aliishi karibu na ikulu ya mtemi. Akapelekwa misheni, akasoma seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajua Kilatini, akarudi kisiwani kulitumikia kanisa. Alimwoa Anna Katura, na hawakujaliwa kubaki na mtoto. Kwa desturi ya wakati ule mwanamume wa hivyo angeoa mke mwingine, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Yeye alibaki na Anna.

Mwaka 1945 akamaliza riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa Kikerewe. Inahusu nini? Mume na mke wasio na mtoto. Ndugu za Myombekere wanamsimanga Bugonoka kwa utasa, wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Mume anakwenda ukweni kumfuata, anatozwa pombe kama faini, anahangaika huku na huko hadi ailipe. Mke anarudi, mganga anamtibu, na mtoto anapatikana: Ntulanalwo, kisha dada yake, Bulihwali.

Hapo kwenye mganga ndipo ninapowaomba mkae kidogo. Mwandishi ni mtu wa kanisa. Ungemtegemea amchore mganga kama mwongo au mtumishi wa shetani, maana mahubiri ya enzi zile yalikuwa hivyo. Hakufanya. Mganga wake anajua kazi yake, na dawa inafanya kazi. Hadithi yenyewe ameiweka nyakati za kabla ya wageni kuingia, na ameeleza kila kitu kwa utulivu wa mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu: jinsi pombe inavyopikwa, jinsi mkwe anavyoamkiwa, jinsi maiti anavyozikwa. Alikuwa ameona lugha yake na desturi za wazee wake zikipotea machoni pake. Aliyesoma Kilatini ndiye aliyejua thamani ya kitu kuandikwa. Seminari ilimpa kalamu, naye akaitumia kuhifadhi yale ambayo seminari haikuyafundisha.

Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980. Akafariki 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Sasa huyu wa pili. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Aprili 1944. Kitereza anaweka nukta ya mwisho, Kezilahabi ni mtoto mchanga kwenye kisiwa hichohicho. Akasoma seminari ya Nyegezi, hapahapa mjini kwetu, akaingia Chuo Kikuu Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika.

Jina lile tu linatosha somo zima. Wakatoliki wenzangu mnalijua kutoka Litania ya Bikira Maria: waridi lenye fumbo. Kezilahabi analichukua jina la Bikira na kumpa msichana wa Ukerewe, binti wa baba mlevi na mkali, anayepelekwa bweni Mwanza bila kujua lolote kuhusu wanaume isipokuwa kuwaogopa. Mwisho wake ni kukataliwa kwa sababu si bikira tena, na anajiua. Mtu ambaye hakukulia kwenye litania asingeweza kuandika kichwa kile cha kitabu. Na mtu aliyeridhika na litania asingekiandika vilevile. Kitabu kikazuiwa shuleni kwa muda. Baadaye kikarudi na leo walimu tunakifundisha.

Halafu mtazameni mtoto. Kwa Kitereza mtoto ndiye jibu la hadithi, vizazi vinaendelea. Katika Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anajiua. Kizazi kinakatika hapohapo kilipotarajiwa kuanza.

Kisiwa ni kilekile. Kanisa ni lilelile. Ndiyo maana naona tunakosea tunapofundisha kwamba jamii na imani humpa mwandishi msimamo, kama sare ya shule. Mimi naona vinampa kitu kisichomwacha alale. Kitereza hakulala kwa sababu ya kusahauliwa kwa wazee wake, na huenda kwa sababu ya nyumba yake isiyo na sauti ya mtoto. Kezilahabi aliahidiwa mbingu Nyegezi, akaahidiwa uhuru, akaahidiwa ujamaa, akawa anakagua ahadi moja baada ya nyingine.

Nakaribisha michango. Hasa waliotoka kisiwani.

---

Kigongo_Feri

Mwalimu, nimesoma mara mbili. Nakuunga mkono kwenye visanduku, sikuungi kwenye tiba yako.

Hatari ninayoiona ni hii: ukishaniambia Kitereza hakubaki na mtoto, kila mtoto kitabuni namuona ni kilio chake. Tungekuwa hatujui habari za nyumbani kwake, kitabu kingepungua? Hakipungui hata ukurasa. Mwandishi anaweza kuwaza maisha ambayo hakuyaishi, vinginevyo ni mtunza shajara.

Mfano mwingine. Shaaban Robert wanamfunga kwa maneno mawili, "Mwislamu wa pwani", halafu kila wema katika vitabu vyake unaitwa mafundisho ya dini. Wanasahau kuwa alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Kusadikika, kilichotoka 1951, ni nchi inayoelea angani, na mtu anashtakiwa kwa kufundisha sheria. Kwa nini angani? Kwa sababu aliyeajiriwa na Mwingereza asingeandika kwamba nchi hiyo ni Tanganyika. Dini haikuniambia hilo. Ajira yake ndiyo iliyoniambia.

---

Mwalimu_Malimbe

Kigongo_Feri, hoja ya shajara naipokea. Ndiyo maana nilisema "huenda" pale kwa Anna, na nitaendelea kusema huenda.

Lakini ona, hata wewe umeshindwa kusoma Kusadikika bila kumuuliza mwandishi alikuwa anakula wapi. Nyongeza yako ni nzuri kuliko pingamizi lako: jamii ya mwandishi si kabila na dini tu, ni mshahara pia, na nani anaweza kumfukuza kazi. Hilo darasani hatuligusi kabisa.

---

BintiNansio

Mimi ni wa kisiwani, nimekulia njia ya Kagunguli.

Mwalimu umeongea vizuri kuhusu mtoto, ila umepita haraka juu ya tumbo lililombeba. Bugonoka anasimangwa, Myombekere hasimangwi. Katika kitabu chote hicho swali la nani ana kasoro linaelekezwa kwa mwanamke kwanza. Rosa naye: wanaume wanamtumia, kisha mwanamume anamkataa kwa kutumiwa, na anayekufa ni yeye. Vizazi viwili, wanaume wawili, na wote wawili wamemhurumia mwanamke kwa dhati, siwanyimi hilo. Lakini huruma yao ina mpaka. Thamani ya mwanamke bado inapimwa kwa kilichoingia au kilichotoka tumboni mwake.

Bibi yangu mzaa mama alirudishwa kwao kwa kukosa mtoto. Miaka mitano ya ndoa, akarudishwa na kitanda chake. Baadaye akaolewa na babu yangu akazaa saba. Yule wa kwanza alioa wengine wawili na hakupata. Hakuna aliyekuja kumwomba bibi radhi.

Kwa hiyo mnaposema imani ya mwandishi, mimi nauliza pia anayoamini bila kujua kuwa anaamini. Kezilahabi alijua anagombana na padre. Sijui kama alijua kuwa kwenye suala la bikira bado anacheza kwenye uwanja wa padre.

---

Kigongo_Feri

BintiNansio, dada, hapo umenikamata. Imani ambayo mwandishi haijui haitapatikana kwenye wasifu wake. Inapatikana kitabuni tu, katika nani anaruhusiwa kuishi hadi ukurasa wa mwisho.

---

Mzee_wa_Kisesa

Wanangu, niongezee jambo ambalo wasomi hamligusi. Mnazungumza kama fasihi ya kanda hii ilianza na karatasi.

Huku Usukumani mtunzi wetu ni manju. Ngoma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na tangu nipate akili mashindano yao huwa baada ya mavuno. Manju hatungi akiwa peke yake chumbani. Anatunga akijua upande wa pili nao wanatunga, na kwamba watu watakaomkimbia katikati ya wimbo ndio watakaomhukumu. Akiimba jambo la uongo juu ya mtu wa kijijini, jibu analipata hadharani hapohapo. Jamii haipo nyuma yake kama historia. Ipo mbele yake, imesimama, na inaweza kuondoka.

Na kuhusu kanisa, njooni Bujora siku za Bulabo, mwezi wa 6. Padre David Clement, Mkanada, alilijenga kanisa lile kwa umbo la nyumba ya mtemi wa Kisukuma, akaziingiza ngoma na nyimbo za wenyeji kwenye ibada. Bulabo maana yake maua, na sherehe inakwenda na sikukuu ya Ekaristi. Baba yangu alikuwa mcheza ngoma na alikuwa anakomunika. Hakuwa mtu wa nusu kwa nusu. Kwa hiyo siishangai dawa ya mganga katika kitabu cha Kitereza hata kidogo. Wanaoshangaa ni waliosoma kwamba lazima mtu achague.

---

Mwalimu_Malimbe

Mzee wangu, shikamoo. Umenirekebisha. Niliandika kama vile heshima ya Kitereza kwa mganga ni fumbo linalohitaji ufumbuzi. Kumbe fumbo ni langu mimi, nililopewa darasani.

---

Ustadh_Pasiansi

Assalaam alaykum, na kwa wengine habari za leo.

Nawaomba msisahau kuwa imani huonekana kwenye umbo kabla ya kuonekana kwenye maudhui. Nimefundisha madrasa na nimefundisha Kiswahili, vyote hapa Mwanza.

Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi bila vina wala mizani, kulikuwa na ugomvi mkubwa. Vijana siku hizi wanasimuliwa kwamba upande mmoja walikuwa wazee wagumu na upande wa pili ukombozi. Hiyo si haki. Utenzi wa pwani unafunguliwa kwa kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, na mizani yake imetunzwa ili watu waimbe pamoja, wahifadhi kichwani, na asiyejua kusoma naye apate. Kwa washairi wale, na chama chao cha UKUTA kilichoundwa 1959, vina vilikuwa adabu: unajinyima uhuru wako ili msikilizaji apate pa kushika. Mtu akija kusema hayo ni minyororo, ni lazima waumie.

Lakini nimwelewe na Kezilahabi. Masikio yake yalilelewa na nyimbo za Kikerewe na zaburi za seminari, hakuna hata kimoja kinachofuata vina vya Mombasa na Lamu. Alipoandika bila vina hakuwa anabomoa nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya jirani ambayo shule ilimwambia ni yake.

Na kwa BintiNansio: uliwasema wanaume wawili, basi nikukumbushe mwanamke. Mwana Kupona, 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha. Amemwekea mle dini, adabu, na namna ya kuishi na mume. Wengi leo wanausoma kama kitabu cha kumnyamazisha mwanamke. Mimi ninapousoma namwona mama anayejua kuwa anakufa, na anayemjua vizuri ulimwengu anaomwachia mwanawe.

---

BintiNansio

Ustadh, ahsante. Sikuwahi kuufikiria kwa upande wa kitandani. Nitausoma upya, ingawa nina hakika tutabishana tena kwenye beti za mume. Na tusimwache Penina Muhando: tamthilia yake Hatia ilitoka 1972, mwaka mmoja baada ya Rosa Mistika, naye akigusa mimba ya nje ya ndoa. Ingefaa zisomwe pamoja.

---

Mtahiniwa_Igoma

Shikamooni. Mwalimu, mimi nipo kidato cha sita, si shuleni kwako. Nimefuatilia uzi wote na nimeuelewa. Ila kwenye mtihani nikiandika "kitu kisichomwacha mwandishi alale", msahihishaji atanipa alama? Naomba unisaidie kwa Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi.

---

Mwalimu_Malimbe

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki, na sitakudanganya kuwa kila msahihishaji anafanana.

Neno "falsafa" liandike, wanalitafuta. Ila usiishie hapo. Wengi wataandika: "Mwandishi anaamini ujamaa ni mfumo mbaya." Wengine watageuza: "Mwandishi anaunga mkono ujamaa kwa kuwa Tumaini anaadhibiwa." Wote wawili wamejaza kisanduku.

Wewe anza na matukio. Tumaini anatapanya urithi wake, watu wanamwona mharibifu. Baadaye anatulia, analima, anakuwa mkulima mkubwa. Azimio linakuja, shamba linachukuliwa. Anamuua mkuu wa wilaya, naye ananyongwa. Sasa jiulize kwa nini mwandishi hakumwacha akiwa mlevi mbaya hadi mwisho. Angekuwa mlevi, serikali kumnyang'anya kungekuwa rahisi kukubalika na kitabu kingekuwa kipeperushi. Kezilahabi anamtengeneza kwanza, anamfanya mchapakazi, ndipo anamgonganisha na siasa. Kitabu kimetoka 1975, nchi ipo katikati ya kuhamishia watu vijijini. Msomaji wa wakati ule alikuwa anaona magari ya kuhamisha watu kwa macho yake.

Ukishaandika hayo, andika: "Kwa hiyo falsafa ya mwandishi haijitokezi kama kukubali au kukataa ujamaa, bali kama mashaka juu ya nguvu yoyote inayomlazimisha mtu kuwa mwema." Hiyo ina ushahidi. Msahihishaji akikataa, anakataa kitabu. Na sentensi ya mashaka usiinakili kwangu neno kwa neno, isije ikawa kisanduku kipya. Soma, kisha utafute ya kwako. Ukitaka kumfuatilia zaidi baada ya mtihani, soma Nagona na Mzingile, uone alivyoacha kabisa hadithi ya kijiji na kuingia kwenye ndoto na maswali matupu. Usiharakishe.

---

Mtahiniwa_Igoma

Nimeelewa mwalimu. Nimeanza kuvisoma upya usiku huu.

---

BintiNansio

Narudi na taarifa, maana uzi huu umenituma kazi.

Jumamosi nilivuka kwenda nyumbani. Nikabeba kitabu cha Kitereza. Bibi hasomi, na Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo nilikuwa nasoma kimoyomoyo kisha namwambia kwa Kikerewe. Nadhani nilikuwa nakirudisha kitabu kule kilikotoka, vibaya vibaya. Aliniingilia mara nyingi. Kwenye kuamkiana ukweni alisema neno nililotumia ni la watoto, akanipa la watu wazima. Kwenye pombe alinisimamisha kabisa, akaeleza mwenyewe jinsi ndizi zinavyoivishwa, nikamwacha hadi akamaliza.

Tulipofika pale wazazi wa Bugonoka wanapokuja kumchukua, akanyamaza. Nilifikiri amesinzia. Nikafunga kitabu.

Akaniuliza, "Mume alimfuata?"

Nikamwambia ndiyo bibi, alimfuata, akalipa na faini.

Akakaa kimya tena, muda mrefu. Kisha akasema, "Soma."